Stempu ya Saba ya Mama Ndege

Siku ya kwanza kumwona, alikuwa akigombezwa na msimamizi wa posta.

"Muhuri unapigwa katikati ya stempu, mama. Wewe unaugusisha pembeni kama unaogopa kuamsha mtoto."

"Katikati kuna ndege, baba. Niichafue, imenikosea nini?"

Foleni nzima ilicheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na barua yangu ya kuanza kazi ya kufunga vifurushi, nikacheka kwa ndani, maana ndivyo nilivyo. Akaniona.

"Na huyu anayecheka bila sauti ni nani?"

Tangu hapo nikaitwa Bwana Kimya. Yeye posta nzima ilimwita Mama Ndege.

Wiki hiyo zilikuwa zimetoka stempu kumi za ukumbusho wa historia ya ndege. Ya kwanza ilikuwa na baluni, ya pili ndege ya mbao yenye mabawa mawili, hadi ya kumi yenye jeti. Aliziuza dirishani kutwa na hakujiwekea hata moja, akidhani zitakuwepo siku zote. Mfinyanzi hulia gaeni. Zilipokwisha, akaanza kuwaomba wateja bahasha zao kuukuu.

Mimi alinifundisha kubandua: kata karatasi kuizunguka stempu, loweka kwenye maji baridi, ngoja iachie yenyewe, usivute. Nilibandua nyingi kwenye bakuli langu la chai. Kwa miaka ishirini na mmoja alipata tisa. Ya saba, ndege ya kutua majini, haikuonekana.

Kisha ukafika mwezi wake wa kustaafu. Binti yake aliyeolewa mbali alimtumia tiketi ya ndege. Mama Ndege hakuwahi kupanda ndege maishani.

"Ijumaa napaa," alituambia, akifungua albamu yake. "Na hapa pana tundu. Nikiondoka hivi, ndiyo basi tena. Huko niendako nani atanipa bahasha za huku?"

Jioni nilimweleza jirani yangu, fundi cherehani. Mkewe akasikia, akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya manjano.

"Barua ya kunichumbia hii," akasema. "Nilikuwa nakaa mtaa wa pili tu, mwenzangu akaona aibu kuja, akapitia posta."

"Nilikuwa na shughuli," fundi akasema.

"Shughuli ya kutetemeka. Chukua stempu, shemeji. Barua niachie."

Ilikuwa ndege ya majini.

Niliilowesha taratibu, nikaikausha juu ya kitambaa. Ila vile vijimeno vya pembeni vilikuwa vimechakaa, vingine vimekatika. Nikaona si heshima kumpa mtu mzima kitu chenye nyuzinyuzi. Nikaazima mkasi wa fundi na rula, nikanyoosha pande zote nne.

Alhamisi nilimpa. Alipitisha kidole kwenye pande zake.

"Nani kaikata?"

"Mimi."

"Kwa mkasi?"

"Na rula."

Karani wa dirisha la pili akashika kichwa. "Bwana Kimya, stempu isiyo na meno mkusanyaji haitaki hata ya bure. Umeinyoa kipara."

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini Mama Ndege alikuwa ameisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Muhuri ulikuwa umegusa pembe moja tu. Ndege nzima ilikuwa safi, na maji chini yake yalionekana mpaka mawimbi.

"Huu mkono wangu," alisema polepole. "Hii niliipiga mimi. Mwiteni msimamizi aje aone kazi ya pembeni."

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga ya mabegani. Akaiweka mahali pake, fupi kuliko wenzake, akafunga albamu.

Ijumaa nilimbebea sanduku hadi kwenye teksi. Nilitaka kumwomba radhi, maneno yakagoma. Teksi ilipowashwa, alishusha kioo.

"Kwa mdomo najua huwezi, Bwana Kimya, basi niandikie barua. Na stempu yake uiache na meno yake."