Ngozi ya Mbwa wa Usenge

Mbwa wetu alijikuna hata usingizini. Mguu wake wa nyuma uligonga sakafu ya veranda ya nyumba yetu ya kupanga kule Migosi mpaka tukadhani kuna mtu anabisha hodi. Manyoya ya mgongoni yalimwisha, masikio yakawa mekundu. Mama mkwe ndiye aliyetupa mbwa huyo akiwa mdogo, kutoka Usenge alikofanya biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani. Nilimpenda kuliko inavyofaa mtu mwenye akili timamu kukiri, kwa sababu katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyeinuka kunipokea nikirudi kutoka kazini.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa bayolojia, kwa hiyo kila ugonjwa ulioingia kwetu ulipata maelezo kabla ya kupata dawa. Kwanza alisema ni viroboto. Tukamwogesha mbwa kwa dawa ya ng'ombe iliyotoka kwenye josho huko Kombewa, akanusurika. Kisha akasema ni upele. Tukampaka oili chafu ya gereji. Mbwa akawa mweusi, viti vyetu vikawa vyeusi, kujikuna kukaendelea. Mzee wa Kihindi aliyetuuzia poda ya viroboto alitushauri, "Mama, wacha kupatia yeye nyama na samaki. Patia wali na maziwa, ona." Mume wangu alicheka njia nzima. Eti mbwa wa Nyanza anyimwe samaki.

Bwana mifugo alikuja na gambuti na koti jeupe, akamtazama mbwa kutoka mbali, akauliza anakula nini.

"Ugali na omena," mume wangu akajibu kwa fahari.

"Protini bado ni kidogo. Ongezeni omena."

Tukaongeza. Mama mkwe alipopata habari alituma gunia zima. Safari iliyofuata aliniuliza, kwa upole wa kutisha, kama kuna mwiko niliouvunja pale nyumbani, maana mimi nilizaliwa Machakos na huenda sikufundishwa. Nilisema sijui. Kwa kweli nilianza kuhesabu makosa yangu, nikayapata mengi.

Mwenye nyumba, mzee wa kanisa tuliyeishi naye ua mmoja, alisimama mlangoni akitoka ibadani, Biblia kwapani. "Madam, hiyo ugonjwa itashika watoto wangu. Mwisho wa mwezi kama iko hivi, naita wale watu wa kupiga mbwa risasi." Kisha akatubariki na kwenda zake.

Kilichomwokoa mbwa wakati huo ni magugumaji. Ilikuwa miaka ile ya tisini yalipolifunika ziwa, mashua zikashindwa kutoka, na omena ikawa adimu hata Usenge kwenyewe. Mama mkwe akakaa bila biashara. Mji mzima ulilia. Kwetu tukala mboga ya sukuma, mbwa akala ugali na mchuzi wa matumbo, na wiki chache baadaye akaanza kuota manyoya.

Kila mtu alidai ushindi. Mume wangu alisema oili ilikuwa ikifanya kazi polepole. Bwana mifugo, tulipokutana naye mjini, alisema ni ile protini. Mwenye nyumba alisema alikuwa ametuombea, akamwacha mbwa aishi.

Kisha upepo ukayasukuma magugu upande mwingine, na beseni la omena likafika kutoka Usenge. Wiki haikuisha kabla mguu haujaanza tena kugonga sakafu. Hapo nikashtuka. Nikaacha kumpa mbwa omena, akatulia. Nikampa kidogo, akajikuna mpaka akatoka damu. Nikamweleza mume wangu.

"Samaki?" akasema. "Hapa ziwani?" Kisha akashusha sauti. "Na mama tutamwambia nini?" Jioni akamwekea mbwa omena kama kawaida.

Basi nikaelewa niliolewa na nani. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuuona ule mgongo na kututajia tena mwisho wa mwezi, na mwanamume huyu, mwenye digrii, alikuwa tayari mbwa apigwe risasi kuliko mama yake aambiwe kwamba omena yake ndiyo iliyomdhuru. Nilikasirika hata sikuweza kula.

Mama mkwe aliwasili na gunia siku chache kabla ya mwezi kuisha. Mume wangu alikumbuka ghafla kwamba ana vitabu vya kusahihisha. Nikapiga moyo konde, nikamwambia mama mwenyewe, neno kwa neno, nikiwa nimeinamisha macho. Akamwita mbwa, akampapasa mgongo palipokuwa na vidonda, akaenda kulala bila kuaga.

Asubuhi gunia halikuwepo. Naye hakuwepo. Nilijua amerudi Usenge na kwamba ukoo mzima utanijadili mpaka nizeeke. Saa nne akaingia kutoka soko la Kibuye, gunia limeuzwa lote, mkononi ana matumbo yamefungwa kwenye gazeti. Aliyaosha mwenyewe, akayachemsha mwenyewe kwenye sufuria kubwa, akampakulia mbwa, akavuta kigoda na kumlinda akila.

"Huyu alikuwa nasema na ngozi," akasema. "Sisi nayo hatusikii." Akanigeukia. "Na wewe, nyathina? Omena inakubali wewe?"

Nyathina ni mtoto wangu. Hakuwahi kuniita hivyo. Na tangu niolewe katika ukoo ule, karibu kila jioni nimekula omena, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kalamu yake nyekundu, akinitolea macho.

"Inanikubali sana, mama," nikasema.

Alinitazama kama alivyoutazama mgongo wa mbwa. Kisha akachukua sahani yangu, akachota matumbo kutoka sufuria ileile ya mbwa, akanipakulia mpaka ikajaa.