Asmahani na Kimya cha Baada ya Jina

Saa moja asubuhi, ukungu umelala juu ya migomba ya Kitanga. Pikipiki inasimama kwenye kona. Asmahani, mwenye umri wa miaka 47, anashuka, anainua kipaza sauti na kumwita marehemu kama jirani anayetaka kumwomba chumvi.

"Theodosia. Theodosia wa Makarius."

Kisha ananyamaza. Bondeni majembe yanasimama. Hakuna anayekohoa.

Kimya kikishatosha, ndipo anatangaza: Theodosia amefariki, maziko saa nane.

Hiyo ndiyo kazi yake, kutangaza misiba vijijini Kasulu, na ujira mara nyingi ni maharage. Watangazaji wengine husema na wanakijiji. Yeye huanza na aliyekufa.

"Siwezi kusema mtu amekufa kabla sijampa nafasi ya kunikatalia," anasema.

"Mimi ukija kuniita usingoje, mama," anatania Salumu, dereva wake. "Kwa mdomo huu, nitakujibu tu."

Asmahani hacheki. Mwaka juzi, kijijini Nyakitonto, alijibiwa.

Alimwita Bazilio, ambaye mwili wake ulikuwa ndani ukioshwa. Kutoka migombani sauti ya kiume ikasema, "Karame," kama Muha anavyoitika akiitwa kwa heshima. Vijana wakaingia kutafuta. Umande ulikuwa bado juu ya majani, haujaguswa. Mjane akachungulia mlangoni. "Ni yeye," akasema, akarudi ndani. Jioni wakamzika.

Tangu hapo wafiwa wengine humsihi asinyamaze. Sasa anayemsihi ni shemeji yake, Khamisi.

Mumewe Asmahani, Dadi, alipeleka mzigo wa nguo Kibondo miaka minne iliyopita. Gari lilikutwa mtoni, yeye hakuonekana. Ukoo umeamua Jumamosi isomwe khitma, na Asmahani ndiye atangaze.

"Tangaza moja kwa moja, shemeji," Khamisi anamwambia dukani kwake, Kasulu mjini. "Ukingoja, ataitika. Halafu tutalala vipi?"

"Wewe unaogopa ataitika. Mimi naogopa ataninyamazia."

"Basi nimtafute mtangazaji mwingine."

"Mtafute. Atamwita mume wa nani?"

Khamisi anarudi kukunja vitenge.

Jumamosi Asmahani atasimama pale mto unapoikata barabara ya Kibondo.

"Salumu atazima injini. Nitamwita Dadi, nitangoja," anasema. "Watakaochoka waende nyumbani. Wakiniacha peke yangu, ndiyo vizuri. Hakupenda kuongea mbele za watu."