Karatasi Alizozichana Lorna

Kwa miaka ishirini na miwili Lorna Pelkey, mkutubi wa mji mdogo katika jimbo la Vermont, Marekani, hakufunga maktaba bila kuichana orodha ya waliotumia kompyuta siku hiyo. "Anachosoma mtu ni siri yake," alisema.

Kwa hiyo wapelelezi wawili walipoleta barua ya usalama wa taifa, yenye kudai orodha hizo, aliwacheka. "Poleni, hapa hamna kitu."

Curtis, bosi wake na rafiki yake wa miaka yote hiyo, akafungua droo. Nakala zote zilikuwamo, zimepangwa kwa tarehe.

"Nilikuwa nazitoa kila jioni kabla hujachana. Usinitazame hivyo, Lorna. Ni kwa ajili ya nchi."

"Mnafiki mkubwa we!"

Mpelelezi mmoja akamkatiza: barua ilimkataza kumwambia yeyote habari hizi, hata mumewe.

Kesho yake mzee Khouri, mwoka mikate, ambaye jina lake lilijaa kwenye orodha zile, akaja na biskuti za ufuta. Akajiandikisha, akamkonyeza.

"Dada, nichanie vizuri, eh? Usije ukanifungisha."

Lorna akajilazimisha kucheka. Jioni akaichana karatasi vipande vidogo vidogo, na mashine ya nakala ya Curtis ilikuwa bado ina joto.