Drili Isiyopiga Kelele

Nilipoingia duka la vifaa vya ujenzi kununua drili ya kukazia skrubu, swali langu la kwanza lilikuwa ni ipi isiyopiga kelele. Muuzaji, mzee wa Kiarabu aliyerithi duka lile kwa baba yake, akavua miwani ili anitazame vizuri. Wateja wake humuuliza nguvu, humuuliza chaji inakaa kiasi gani, humuuliza kama ni mpya au mtumba. Wa kelele nadhani nilikuwa wa kwanza.

"Ya kazi gani, mama?"

"Bodi za jipsamu. Tunaziba dari na ukuta mmoja, kwenye banda la gari la baba."

"Fundi wako kakwambia anataka ipi?"

"Fundi hayupo. Nafanya mwenyewe."

Hakucheka, na kwa hilo namshukuru. Akapanga tatu juu ya kaunta na kuzijaribu moja moja kwenye kipande cha mbao. Ya kwanza, fupi nene, ni ile inayogonga huku inazungusha. Ililia hadi mpita njia akageuka, nami nikaisukuma pembeni kabla hajamaliza kuisifia. Ya pili ilikuwa drili ya kawaida yenye pete ya namba shingoni. Ilianza kwa adabu, lakini skrubu ilipofika mwisho ikakereza tatata, tatata, na hiyo nayo nikaikataa. Ya tatu ilikuwa nyembamba, ina pua mbele. Pua ikigusa bodi, skrubu husimama yenyewe, kichwa kimezama kidogo tu, na karatasi ya jipsamu haichaniki. Ilivuma kama feni ya mezani, kisha ikanyamaza.

"Hii ni ya jipsamu tu," akanionya. "Haitoboi ukuta, haikazi boliti. Ukimaliza dari yako utaiweka kabatini."

"Naitaka hiyo hiyo."

Akaifuta vumbi taratibu. "Nyumbani kuna mgonjwa?"

Nikasema ndiyo, baba. Akamwombea shifaa, nami nikaitikia amina bila hata kupepesa macho. Nilipotoka nje uso ulikuwa unaniwaka. Nilikuwa nimechagua chombo sahihi kwa sababu ya kijinga, na juu yake nimemzulia baba yangu ugonjwa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeachika. Mume wangu alinipa talaka baada ya ndoa ya miaka mingi, eda ikaisha bila yeye kunirejea, nikafungasha mabegi yangu nikarudi Mbagala kwa baba. Nyumba yake ni ndogo. Chumba nilichokulia kilivunjwa ukuta mwaka nilioolewa, ili sebule iwatoshe wageni wa harusi. Kwa hiyo nikalala kwenye kochi, palepale nilipoketi nimepambwa siku ile watu wakija kunitazama.

Mtaa ule ndio ulioniozesha. Barabara ilifungwa kwa maturubai, wanawake wakanisinga, wakaniimbia, wakaazimana masufuria mpaka mengine hayakujulikana tena ni ya nani. Baba, ambaye maisha yake yote alitengeneza fremu za makochi Keko, na ambaye haombi hata chumvi kwa jirani, alijaa furaha hadi akapoteza sauti. Unarudije kwa watu kama hao na mabegi? Aibu yangu ningeweza kuilalia. Ya baba ndiyo iliyonitesa. Niliwaza atakavyotoka msikitini baada ya alasiri, watu wakimtazama kama mtu aliyerudishiwa mali yenye kasoro.

Basi nikawa mgeni. Kila asubuhi nilivuka barabara kununua vitumbua kwa jirani wa mbele ya geti letu, mama mtu mzima mwenye sauti nene, mmoja wa wale walionisinga kwa mikono yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mgeni wetu. Bado upo?"

"Naondoka Jumamosi, inshallah."

"Inshallah. Utusalimie huko."

Jumamosi ikapita, nyingine ikaja. Nikaongeza kwamba presha ya baba imepanda, nakaa kidogo nimwangalie. Akasema inshallah atapona. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliirefusha wiki kwa wiki, na vitumbua nikala.

Ni baba aliyesema banda la gari tuligeuze chumba. Gari lilishauzwa zamani, banda limebaki na ndoo za rangi na makochi ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua. Nilitamani chumba, mgongo ulishachoka. Lakini mtu anayelala sebuleni anaweza kuwa mgeni hata mwaka mzima. Akijengewa chumba, mgeni hakuna tena, na mtaa mzima unajua. Nikakubali kwa sharti moja, asijue mtu mpaka kazi iishe. Baba hakubisha. Mbao za fremu alizikata kwa rafiki zake Keko, akaja kuzifunga kwa skrubu na bisibisi ya mkono, polepole, bila nyundo. Bodi zilikuja kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, zimefunikwa turubai. Fundi hatukuita, maana fundi wa kwetu hunywa chai kila nyumba, na kila chai ina maongezi yake. Nilidhani tunaficha pamoja, mimi na yeye, na nilimpenda kwa hilo.

Tulifanya kazi geti limerudishiwa, wakati mashine ya kusaga ya mtaa wa pili inanguruma. Ikizimwa, nami nazima. Ukuta ulikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Drili yangu ilivuma na kunyamaza, vichwa vya skrubu vikajipanga, nikaanza kujiona fundi. Baba alipitisha kiganja juu yake, akaguna kama alivyokuwa akiguna zamani kochi likikaa sawa.

Dari ndiyo iliyotuumbua. Chini ya bati joto lilikuwa la kuoka mkate, na bodi ya jipsamu ukiinyanyua juu inazidi uzito. Mimi nilipanda juu ya meza, baba akasimama kwenye benchi akiishikilia kwa mikono na utosi wake. Mikono ikaanza kumtetemeka. Nikafanya haraka, nikaikosa mbao, skrubu ikapita kwenye jipsamu tupu. Bodi ikainama upande mmoja, ikapasuka, na nusu yake ikamwangukia begani, naye akaanguka na benchi lake. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa dakika hiyohiyo. Kishindo kile kilisikika hadi kwa muuza mkaa.

Baba alikaa sakafuni, mweupe kwa vumbi, akisema hajaumia. Kabla sijashuka mezani nikasikia hodi, na aliyepiga hodi alishaingia. Mama wa vitumbua, na nyuma yake majirani wawili. Mimi nimesimama juu ya meza na suruali kuukuu ya baba, drili mkononi, chumba kizima kikijieleza chenyewe. Nikatafuta uongo, sikuupata.

Alimkagua baba bega, akamkalisha kwenye ndoo. Akatazama juu, akatazama ukuta niliokwisha kuuziba. Kisha akafungua kanga yake, akaisokota ngata, akaiweka kichwani.

"Leteni nyingine," akawaambia wenzake.

Wakalisimamisha benchi, wakapanda, wakaiinua bodi mpya kwa vichwa vyao, watatu, kama wanavyobeba maji. Akasema, "Haya, kaza. Sie hatuna shingo za chuma."

Nikakaza. Mmoja wao, bado ameshikilia, akasema kwa utulivu kabisa, "Kichwa cha kitanda akiweke huku, upepo utampata. Na kabati lake lisikae pale, mlango hautafunguka."

Nikasimamisha drili. "Mnajua hiki chumba cha nani?"

"Maliza kwanza, mwanangu," akasema mama wa vitumbua. "Bodi nzito."

Nikamaliza. Walipotoa vichwa na bodi ikabaki juu, mama yule akajifuta vumbi usoni kwa ncha ya kanga.

"Baba yako alitupitia wiki ileile uliyokuja. Nyumba kwa nyumba, na fimbo yake. Akasema, binti yangu kaachwa, karudi, anaona haya. Akiwaambia anaondoka, mwitikieni tu. Akiwa tayari atasema mwenyewe. Katuomba hivyo, sie tukaitika."

Kwa hiyo zile inshallah zote. Kila asubuhi nilisimama mbele ya kikaango chake nikimdanganya mtu anayejua namdanganya, naye ananichagulia vitumbua vya moto na kunitakia safari njema. Nilitamani ile bodi ianguke tena, safari hii juu yangu. Lakini hata hilo lilikuwa dogo. Mtu ambaye haombi chumvi alikuwa amesimama kwenye kila baraza ya mtaa ule, akaisema kwa mdomo wake aibu niliyokuwa namwepushia, kisha akaomba.

"Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani," mama yule akasema, akitoka. "Kwenu ni kwenu. Naleta chai."

Nikashuka mezani. Baba alikuwa amekaa palepale kwenye ndoo, anakung'uta kofia yake, hanitazami.

"Ulijua wanajua," nikasema, "ukaniacha niende kutafuta drili isiyo na kelele."

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

Aliivaa kofia, akaivua tena, akaendelea kuikung'uta ingawa ilishatakata.

"Ungeondoka," akasema.

Na ni kweli, ningeondoka.