Jinsi tulivyoomba neno "fedheha" liondolewe kwenye cheti cha jeshi cha mdogo wangu

Wakuu, salaam kutoka Mishomoroni, Mombasa.

Majina nimebadilisha. Yaliyobaki ni kama yalivyotupata, na aliyetendewa yuko hapa chumbani nikiandika.

Wazazi wetu walikufa nikiwa darasa la sita. Niliacha shule nikalea wawili: Kahindi, wa miaka minane, na Mwaka, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nilifulia watu nguo majumbani, baadaye nikapata kazi ya dobi kwenye hoteli moja kule Shanzu. Niko huko mpaka leo.

Kahindi alipochukuliwa jeshini nililia kwa furaha mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Akiwa na miaka mitano jeshini alikuja likizo ya siku kumi. Akakaa arobaini.

Aliporudi kambini alishtakiwa, akafukuzwa. Discharge yake, yaani cheti cha kuachishwa jeshi, iliandikwa: ameondolewa kwa fedheha.

Wanaojua wanajua. Ukiwa na karatasi hiyo hata kulinda geti hupewi. Kahindi akaanza kusukuma mkokoteni wa maji. Vijana wa maskani wakawa wanamtania, "Afande, gwaride la mitungi ni saa ngapi?"

"Saa mtakayooga," anawajibu, na kusukuma.

Sasa nije kwenye zile siku arobaini.

Sababu ilikuwa mimi. Nilikuwa na mimba, sina mume. Ikaharibika ikiwa ya miezi mitano, nikatokwa damu nusura nife. Kahindi ndiye aliyenifikisha hospitali, akatoa damu yake nikaongezewa, akabaki kutupikia mimi na Mwaka na kufua mashuka yangu. Kanisani tulisema ni malaria.

Nilimwambia arudi kazini. Akasema, "Nimeshawaeleza, dada. Lala."

Alipofukuzwa akaniambia sababu yake ilikataliwa. Nikaishi miaka sita na kinyongo na jeshi.

Hoteli yetu mwaka jana ilitafuta msimamizi wa walinzi. Nikamshika Kahindi twende kwa wakili mmoja wa kike, anayesaidia watu bure karibu na mahakama ya Shanzu. Kahindi hakutaka. Alitia sahihi ombi la kubadilishiwa cheti shingo upande, ili nisimsumbue.

Tukasubiri miezi kadhaa nakala ya kesi. Ilipofika, wakili akaniita peke yangu.

"Mama, hebu sikiliza. Imeandikwa hapa: mshtakiwa hakutoa sababu yoyote."

Nikamwomba asome tena. Akasoma tena.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Kahindi anajaza mitungi bombani.

"Uliniambia walikataa."

Akafunga mfereji. "Ningewaambia nini, dada? Nisimame mbele ya wanaume wale nitaje damu yako?"

"Ungesema naumwa tu."

"Wangeuliza unaumwa nini. Ningejibu, nao wangeandika."

Wakuu, kwetu mwanamume hataji ugonjwa wa uzazi wa dada yake hadharani. Na huyu nilimfunza mwenyewe. Tangu mdogo nilimwambia ya chumbani hayatoki barazani. Kumbe funzo langu ndilo lililomfukuzisha kazi.

Usingizi ulikataa siku kadhaa. Nilikuwa nafikiria kina mama wa kanisani. Kisha nikawa namfikiria Kahindi, peke yake mbele ya meza ya waliomhukumu, kimya.

Wakili alinieleza kwamba naweza kuandika hati ya kiapo nieleze mwenyewe. Nikaandika kurasa tatu kwa mkono wangu wa darasa la sita. Karatasi za hospitali nilikuwa nimezificha ndani ya foronya, tarehe zote zikaoana. Kahindi alipojua alinuna siku mbili.

"Mimi ndiye niliyekuogesha," nikamwambia. "Leo unaniona haya?"

Akacheka kidogo. Basi, nikajua ameridhia.

Tuliitwa bara, mbele ya kamati ya jeshi. Mimi sikutegemea kuingia, lakini waliniita ndani. Mkubwa wao, mzee wa mvi, alikuwa ameshika kurasa zangu.

"Umeandika mwenyewe, mama?"

"Mwenyewe, afande."

Akamgeukia Kahindi. "Kwa nini hukusema siku ile?"

Kahindi akasimama wima kama vile hajawahi kusukuma maji maishani. "Huyu ndiye mama yangu, afande. Sikuweza."

Mzee yule akazirudia kurasa zangu tangu mwanzo.

Barua ilikuja baada ya miezi minne. Kurudi jeshini, hapana. Malipo ya nyuma, hapana. Ila cheti kipya kimeandikwa ameachishwa huduma, na neno lile halimo.

Hoteli ilikuwa imeshampata mtu mwingine. Wakamchukua kama mlinzi wa kawaida. Tangu afukuzwe hakuniruhusu kugusa nguo zake. Siku ile alikuja na sare mpya mkononi, akaiweka kitandani kwangu.

"Dada, nipigie pasi."

Niliipiga pasi mara mbili, ya pili bila haja.

Nilichojifunza: kama una ndugu aliyefukuzwa mahali, usikubali tu kwamba "walikataa." Muulize alisema nini hasa. Huenda anamsitiri mtu, na mtu huyo ni wewe.

Waliopita njia hii wasimulie nao. Wenye kubeza pia karibuni, nimezoea.

Kahindi ameusoma uzi huu kabla sijautuma. Amefuta sentensi moja tu. Nimemwachia.