Kazi: Hana

Leo nimeandikwa sina kazi, nikanuna kama mtoto.

Nilikwenda Butimba kwenye usajili wa wazee. Binti wa mezani kaniamkia vizuri, shikamoo yangu nikaipata. Akauliza jina, akauliza umri. Kufika kwenye kazi hakuuliza. Aliangalia mvi zangu, akaandika: HANA.

Mimi! Afisa ustawi wa jamii miaka yote ile! Msinicheke.

Nikafungua mdomo nimseme, mara nikamkumbuka Mama Kabula wa Pasiansi.

Miaka ya tisini, viwanda vilipopunguza watu, naye alipunguzwa. Nilimkuta ufukweni anaanika dagaa, mjukuu mgongoni. Nikamjazia fomu ya msaada. Kazi: hana.

Akachungulia karatasi.

"Mwanangu, andika vizuri. Kazi ninayo. Mshahara ndio sina."

Nikacheka. Sikufuta.

Basi leo nikamwambia yule binti maneno yale yale. Naye akacheka. Halafu akanigeuzia fomu, akanipa kalamu.

"Haya bibi, andika mwenyewe."

Nilikaa na ile kalamu mkononi, jamani, sijui hata niandike nini.

Mama Kabula mimi sikumpa kalamu.