Jirani Aliyeminya Mikate

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, mama wa Kijerumani, hawezi kutulia. Mwaka wa sita huu hapa Spartanburg, mbali na kwao Ujerumani, nasikia visigino vyake darini: jikoni, dirishani, jikoni tena. Jumamosi hunipakia garini mwake, tukazunguka maduka matatu kutafuta mkate. Kila mmoja huuminya kwa kidole gumba, na kidole kikizama hukunja uso. "Huu si mkate, jirani. Huu ni mto wa kulalia, tena wametia sukari!" Hununua mmoja hata hivyo, shingo upande, na ikifika Jumatano umekwisha.

Mwezi uliopita mdogo wake, Annegret, alikuja kumtembelea na mkate mweusi wa kwao, mzito kama tofali. Nikaitwa nikauonje. Jirani alikata vipande vyembamba, akapaka siagi mpaka pembeni, akauma. Alitafuna muda mrefu, macho yako mezani. Akanyanyuka, akafungua friji, akaifunga bila kutoa kitu.

"Wamebadilisha mwokaji," alisema.

"Mwokaji ni yuleyule, dada," Annegret akasema. "Hata tanuri ni lilelile."

Jirani alinigeukia mimi, ambaye kwao sijawahi kufika. "Wewe unauonaje?"

"Mchachu kidogo," nikasema.

"Eti eh?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani ni mimi tu."

Annegret akaanza kuufunga mkate kwenye karatasi yake, polepole, bila kututazama.